Kanali Yuko Safarini

Jumatatu, 2 Juni

Mvua. Leo nimeanza kazi maktaba, ingawa Mkutubi hataki niiite kazi. "Unajaribiwa," alisema. Nitajaribiwa mpaka shule zitakapofunguliwa katikati ya Julai, halafu ataamua kama nabaki. Nisipobaki, kuna kiti kinanisubiri saluni kwa shangazi. Shangazi ni mtu mwema na saluni yake ni safi, lakini pale mteja akishakaa ni lazima umpigishe soga mpaka nywele zikauke. Mimi nikiulizwa hali tu, naanza kutafuta mlango uko wapi. Nimemaliza shule nikiwa na alama nzuri na marafiki wawili, na mmoja wao ni binamu yangu.

Nilidhani maktaba ni mahali pasipo na maneno. Saa nne asubuhi Mkutubi akanieleza kazi yenyewe: kuwasomesha wanafunzi wa darasa la saba na la nane riwaya kongwe, kila Jumanne na Ijumaa, likizo nzima.

"Kwa sauti?" nikauliza.

"Unajua njia nyingine?" akasema.

Jumanne, 3 Juni

Wamekuja kumi na wawili. Wengi wamesema wametumwa na mama zao ili nyumba ipumue. Nilisimama mbele nikajitambulisha. Msichana wa benchi la kwanza akasema, "Dada, hatukusikii." Nikarudia. "Bado." Mwishowe akageuka na kuwatangazia wenzake yeye mwenyewe: "Anasema karibuni sana!" Sikuwa nimesema karibuni. Nilikuwa nimetaja jina langu.

Msichana huyo wanamwita Redio. Simpendi.

Jumatano, 4 Juni

Riwaya niliyoichagua ni ile ya mjane mwenye nyumba ya wageni mlimani wakati wa vita, na Kanali anayekuja kupanga chumba cha juu. Nimeisoma hadi naweza kuisimulia nimefumba macho. Ila maktaba ina nakala moja tu, na hiyo moja ilikuwa chumba cha nyuma kwa fundi wa kujalidi vitabu, mzee mmoja mchangamfu ambaye watoto wote wanamwita Fundi Gundi. Mgongo wa kitabu ulikuwa umeachia, kwa hiyo alikuwa amekata nyuzi zote na kukichanua mezani. Kilikuwa vipande vipande, kila kipande fungu la kurasa zilizokunjwa pamoja. Anasubiri kitambaa cha jalada, na kitambaa hakina haraka.

Nilivihesabu vile vipande. Kumi na viwili.

Nilikwenda hadi mlango wa Mkutubi nikarudi. Nikaenda tena nikarudi. Mara ya tatu nikapenyeza karatasi: kila mtoto apewe kipande kimoja akasome nyumbani, kisha zamu yake ikifika awasimulie wenzake, na fundi akipata kitambaa tuwe tumeshamrudishia.

Akanifungulia. "Kipande kikipotea?"

"Hakitapotea, mama."

"Nakuuliza mimi, siyo viatu vyangu."

Nikainua uso. Akaniambia neno moja baada ya jingine, kama mtu anayepigilia misumari: "Nirudishiwe kitabu changu kizima. Na watoto waijue hadithi, siyo wasikie harufu yake. Moja ya hayo likikosekana, binti, mimi na wewe hatuna la kuzungumza."

Ijumaa, 6 Juni

Nimegawa. Sikuwa nimefikiria kwamba vipande havijali sentensi imefika wapi. Kila kimoja kinaanzia hewani na kuishia hewani.

"Dada," akasema yule mvulana mwembamba anayebishana hata na saa ya ukutani, ndiyo maana anaitwa Wakili, "changu kinaanza hivi: 'akafa palepale, kabla mtu hajapata maji ya kumpa. Wakamzika chini ya ukuta wa bustani.' Nani amekufa?"

"Utasikia kwa mwenye kipande cha nne."

Kipande cha nne kilikuwa kwa Redio. Papo hapo alikiweka chini ya mapaja akakikalia.

Kisha akaja msichana mdogo kuliko wote, amekishika kipande chake kama sahani tupu. "Dada, mimi nimepewa ukungu."

"Ukungu na nini?"

"Ukungu tu. Ukurasa wa kwanza ukungu, wa mwisho ukungu. Katikati kuna mbwa anabweka, lakini haonekani."

Tangu hapo jina lake ni Ukungu.

Jumapili, 8 Juni

Shangazi amepita kunywa chai. "Umeongea na nani wiki hii?" "Na watoto." "Uliwaambia nini?" "Karibuni." Akamtazama mama. "Kiti kipo, mwanangu," akaniambia, "wala sikupi presha."

Jumanne, 10 Juni

Kipande cha kwanza kimesimuliwa vizuri. Kanali amefika mlimani na sanduku lake, hasemi sana. Nampenda kwa hilo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo wamefika kabla mlango haujafunguliwa. Wanampenda Kanali kuliko nilivyotegemea. Katika kipande cha pili anapanda juu ya paa la mjane akaziba panapovuja, na vyeo vyake vyote mabegani. Katika cha tatu anamwona kaka wa mjane, askari mtoro aliyefichwa nyuma ya magunia ya unga, akasema tu, "Humu ghalani kuna panya mkubwa, mlisheni vizuri," akafunga mlango. Darasa zima likapiga makofi. Sasa wakikutana barabarani wanapigiana saluti.

Wakili amempa Redio biskuti zake zote ili amwambie nani anakufa. Redio alikula biskuti, akapangusa mdomo, akasema, "Subiri Jumanne kama wenzio."

Jumanne, 17 Juni

Kosa ni langu.

Kipande cha nne ndicho kinachonifanya niipende riwaya hii, na ndicho ninachokiogopa. Kanali anajua kwamba mpelelezi mmoja amewachongea na askari wa doria watakuja kumkamata yule mtoro, kwa hiyo anatoka kwenye mvua bila koti ili asisikike akilitoa msumarini, anakwenda kuwapotosha njia. Anafanikiwa. Wakati wa kurudi, darajani, farasi anateleza na kumwangukia. Kipande kinaishia na neno "naye". Kinachofuata kiko kwa Wakili: akafa palepale.

Redio alisimama. Sauti yake ilikuwa chini kuliko kawaida, nikadhani ni mafua. Alisimulia kila kitu sawasawa, mvua, doria, hata namna Kanali alivyoaga kwa kugusa mlango tu. Akafika darajani. Akanyamaza.

"Enhe?" akasema Wakili.

"Darajani," akasema Redio, "akamkuta yule mpelelezi aliyewachongea. Wakapambana. Mpelelezi akateleza, akaangukia mawe, naye..."

"Akafa palepale!" Wakili akaruka juu ya benchi. "Kabla mtu hajapata maji ya kumpa! Inaingia! Inaingia!"

Chumba kililipuka. Walipigiana saluti, wakakumbatiana. Mimi nilifungua mdomo. Nyuso kumi na moja zilikuwa zinang'aa na ya kumi na mbili ilikuwa inanitazama mimi, macho makavu, inasubiri kuona nitafanya nini.

Nikafunga mdomo. Nikasema, "Ijumaa, kipande cha tano." Na hilo pia hawakulisikia.

Hakusoma, huyo Redio. Amekula biskuti za watu na hakusoma.

Ijumaa, 20 Juni

Uongo una njaa, unataka kulishwa kila siku. Wakili amesimulia mazishi. Mwandishi hamtaji aliyekufa kwa jina. Anasema "marehemu" mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mjane hawezi kulitamka. Kwa hiyo leo watoto wamemsikiliza mjane akimlilia mpelelezi kurasa nzima nzima.

"Mbona anamlilia adui yake?" Wakili mwenyewe aliuliza, katikati ya kusimulia.

"Ana roho nzuri," akasema Redio.

"Anampelekea maua."

"Roho nzuri sana."

"Kila siku?"

"Wewe hujawahi kuona mtu mwenye roho nzuri?"

Nilikohoa. Wakanitazama. Nikaomba radhi kwa kukohoa.

Jumanne, 24 Juni

Zamu ya Ukungu. Alisimama, akasema, "Kulikuwa na ukungu," akaketi. Wenzake wakacheka. Basi akasimama tena, masikio yamemwiva, akasema kwamba ukungu uliingia jikoni kupitia chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi, ukakaa kwenye kila kiti, na mjane akawa anawasha taa mchana ili apate hata kivuli chake mwenyewe cha kukaa nacho.

"Na Kanali yuko wapi?" mmoja akauliza.

Ukungu akafikiri. "Haonekani," akasema. "Kuna ukungu."

Ijumaa, 27 Juni

Kipande cha saba na cha nane. Kanali hamo. Watoto wamekubaliana kwamba yuko safarini kikazi. Wakati wa kutoka, Mkutubi alimsimamisha mmoja ukumbini.

"Mmefika wapi kwenye riwaya yangu?"

"Kanali yuko safarini, mama."

Mkutubi alinitazama juu ya miwani. Nilipanga rafu moja mara nne.

Jumapili, 29 Juni

Shangazi: "Umeongea na nani?" Mimi: kimya. Shangazi: "Kiti nimekinunulia mto."

Jumanne, 1 Julai

Mvua kubwa, maji yalikuwa yakipita chini ya mlango. Katika kipande cha tisa mjane anashusha koti la Kanali msumarini, analikata, analishonea mtoto wa kaka yake. Msimuliaji alikuwa hajamaliza sentensi, Wakili akainua mkono.

"Samahani. Mtu gani anasafiri mvua yote hii bila koti?"

"Ana jingine," akasema Redio.

"Alikuja na sanduku moja. Kipande cha kwanza." Akahesabu kwa vidole. "Na mwenye nyumba analikataje koti la mpangaji wakati mpangaji atarudi? Hiyo ni kesi. Na halafu yale maua. Na yule marehemu." Aligeuka polepole, siyo kwa Redio. Kwangu. "Dada. Wewe umeisoma yote."

Wote wakageuka. Nilitazama mlango. Nilifikiria saluni, nikafikiria Mkutubi na misumari yake, lakini ukweli ni kwamba vyote hivyo havikunisukuma. Kilichonisukuma ni koti. Mwanamke yule alikata koti huku akilia, na hawa watoto ninaowapenda walikuwa wanambishia kesi ya mpangaji.

"Kanali amekufa," nikasema. "Alikufa darajani. Farasi alimwangukia. Aliyezikwa ni yeye, na maua ni yake."

Hakuna aliyesema hasikii.

Kisha wakamgeukia Redio wote kwa pamoja. "Mwongo! Hukusoma! Ulikula biskuti!" Wakili alitaka biskuti zake. Nami, Mungu anisamehe, nikaungana nao. "Kwa nini hukusoma?" nikamuuliza.

Redio akatoa kipande chake kwenye mkoba. Kilikuwa kimefungwa ndani ya kitambaa safi. "Nilisoma," akasema. "Nilisoma usiku, nikasoma asubuhi, nikafikiri labda nimeruka mstari. Nikamwomba mama naye asome." Sauti ikamkatika, Redio yule ambaye hazimiki. "Niliona nikiwaambia, Ijumaa hatakuwepo tena. Nyie mlikuwa mnapigiana saluti mpaka barabarani. Mngefanya nini?"

Mimi nilikuwa na aibu kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na mimi aibu nazijua kwa sura.

"Nipe," nikamwambia. "Nitasoma mimi."

Nilisoma kwa sauti kuanzia Kanali anapogusa mlango. Mwanzoni sauti yangu ilikuwa mbovu, inakwaruza kama kiti kinachoburuzwa. Nilipofika darajani niliisahau. Nilisoma hadi lile "naye", nikanyoosha mkono, Wakili akanipa cha kwake bila kuambiwa, nikaendelea hadi mazishi. Safari hii hawakuuliza mjane analia nini. Wakili alilia kuliko wote, kisha akasema ni vumbi, na mvua ilivyokuwa ikinyesha!

"Mwandishi huyu ni mtu mbaya," akasema mmoja.

"Apigiwe simu."

"Alishakufa," nikasema. "Zamani."

"Afadhali."

Ijumaa, 4 Julai

Wamegoma. Wote wamekuja, wamekaa mahali pao, mikoba magotini, wakanyamaza. Wakili alisimama kwa niaba yao. Vipande hawarudishi. Kanali ameonewa.

Fundi Gundi anasema kitambaa kinafika wiki ijayo. Nikiwa na vipande kumi na kimoja sina kitabu, na sasa sina hata kimoja. Nikaketi benchini katikati yao nikanyamaza nao. Katika kunyamaza siwezi kushindwa na mtu.

Baada ya muda mrefu Ukungu akanong'ona, "Na mjane sasa ataishije?"

"Mimi najua," akasema mwenye kipande cha kumi, "lakini nimegoma."

Mwenye kipande cha kumi alikuwa anajinyonganyonga kama mtu aliyebanwa. "Anafungua tena nyumba ya wageni," akaropoka. "Ila chumba cha juu hampangishi mtu." Na akaendelea mpaka mwisho. Wakili alisema hiyo haihesabiki kuwa kusimulia, ni taarifa.

Jumanne, 8 Julai

Tumemaliza riwaya. Mgomo ungali pale pale. Niliwaomba vipande, wakaomba wabaki navyo hadi keshokutwa.

"Mnavifanyia nini?"

"Tunaagana navyo," akasema Redio.

Alikuwa na wino kwenye vidole. Sikuuliza.

Alhamisi, 10 Julai

Vipande vimerudi! Wakili amevipeleka mwenyewe kwa Fundi Gundi, vimepangwa kwa mfuatano, vimefungwa kamba. "Tumekupunguzia kazi, dada," akaniambia. Nimefurahi siku nzima. Sijawahi kuona mtoto akimpunguzia mtu kazi, lakini sikuuliza.

Jumamosi, 12 Julai

Leo asubuhi nilikwenda kuchukua kitabu. Kitambaa cha jalada ni chekundu kilichokoza, mgongo umenyooka, kizuri hadi nikakinusa. Nikakifungua sehemu ya darajani kujikumbusha.

"Farasi akateleza, akamwangukia Kanali, naye." Nikafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mistari, umekatwa kwa rula ulingane na nyingine, umeandikwa kwa kalamu ya buluu: "akaamka, akajipangusa tope, akamuuliza farasi ameumia wapi."

Nikakirudisha mezani kwa Fundi Gundi.

"Fundi! Hiki ni nini?"

Akasogeza miwani. "Kipande cha tano."

"Lakini vilikuwa kumi na viwili!"

"Mimi nimeletewa kumi na vitatu, nimeshona kumi na vitatu. Mimi nashona, mwanangu, sisomi. Ningekuwa nasoma ningemaliza kimoja kwa mwaka."

Nilisoma nimesimama. Hati zilikuwa kumi na mbili tofauti, zinapokezana. Kanali wao ni kilema wa mguu mmoja na ana maneno mengi sana. Hapo nilimjua Redio. Kuna kesi ya koti, na mjane anashinda. Kuna nusu ukurasa wa ukungu ambao, nasema kweli, ni mzuri kuliko ule wa mwandishi. Na mwisho kabisa: "Mpelelezi alipoona Kanali bado yu hai, moyo ukamruka, naye" ... na ukifunua unarudi kwenye chapa ya zamani: "akafa palepale, kabla mtu hajapata maji ya kumpa."

Nilicheka peke yangu kama mwehu, kisha nikakumbuka Mkutubi.

Fundi Gundi alinionea huruma. Akachukua wembe. "Nipitishe? Dakika moja tu. Nakaza uzi, hajui mtu."

Nilimwambia asubiri. Nikakifunga kitabu, nikatoka nacho, na mlango wa Mkutubi niliubisha mara moja tu kwa sababu ningerudi nyuma nisingerudi tena.

"Kitabu chako, mama. Ni kizima, na kimezidi." Nikamfungulia mahali penyewe.

Alisoma. Aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena pale kiungo kilipo, kidole chake kikipita kutoka buluu hadi nyeusi. Uso wake ulikuwa ukuta.

"Uliwaruhusu?"

"Sikujua. Lakini ningejua ningewaruhusu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti upande wa pili wa ukumbi akageuka. "Riwaya wanaijua," nikaendelea, kwa kuwa nilishaharibu. "Waulize lolote. Wanaijua kiasi kwamba wametafuta mahali pekee panapoweza kufunguliwa wakapafungua. Na wamelia, mama. Ukitaka pakatwe, kata wewe, mimi siwezi."

Mkutubi alirudisha kidole kwenye maandishi ya buluu. "Na huu ukungu," akasema, "ni wa nani?"

"Wa yule mdogo."

"Hm." Akavuta droo, akatoa muhuri wa maktaba, akaupulizia pumzi, akaugandamiza kwenye ukurasa wa buluu, chini kulia, kama unavyopigwa kwenye kitabu chochote. "Sasa ni mali ya maktaba. Atakayeuchana atanijua. Jumatatu uje saa mbili kamili, tutazungumza mshahara. Na riwaya ya likizo ijayo iwe na mtu anayekufa mwanzoni kabisa, wazoee mapema."

Nilipotoka nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka, walikuwa wamejibanza wote kumi na wawili, wameloa, wananitazama kama watu wanaosubiri hukumu. Niliweka viganja mdomoni nikapaza sauti kuvuka barabara nzima:

"Amepiga muhuri!"

Walirukaruka hadi mwenye duka akatoka nje. Wakili hakuruka. Alisubiri kelele zipungue, akauliza kwa sauti ya mahakamani:

"Kwa hiyo, dada, kisheria yuko hai?"

"Kisheria," nikamjibu, na barabara yote ikanisikia, "yuko hai!"